Tarehe 30 mwezi wa sita nyumbani kwetu: uhuru wa nchi, saini ya papa na ufunguo wangu

BUKAVU – Jumapili hii, tarehe 30 mwezi wa sita 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imetimiza miaka 64 ya uhuru. Nyumbani kwetu Nyamugo, katika komine ya Kadutu, sherehe ilianza saa sita mchana kama kila mwaka. Papa alivaa koti lake la rangi ya kahawia, akazima televisheni na kutuomba tusimame. Tukaimba « Debout Congolais » kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla mtu yeyote hajagusa sombe. Mwaka huu kulikuwa na tofauti moja tu: ilikuwa mara ya kwanza katika miezi 14 mimi na papa kusimama katika chumba kimoja.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kila mwezi wa sita huwa ninaandika juu ya uhuru wa nchi: kiongozi gani alihutubia, nani alipita mbele ya tribune, raia wa Bukavu wanasema nini. Mara hii nimeomba redaksio iniachie niandike juu ya uhuru kama ulivyopita ndani ya nyumba moja, ile nilimozaliwa. Nimefanya hivyo kwa sababu nimeona kwamba uhuru wa mwaka wa 1960 haukuwafikia watu wote wa nyumba hiyo siku moja. Wengine waliupata miaka mingi baadaye. Wengine, kama mimi, wanagombana bado na wale wanaowapenda ili waupate.

Koko na siku ya « depanda »

Koko wangu, mama mzazi wa papa, alikuwa na miaka 22 hivi Kongo ilipopata uhuru. Papa alikuwa na miaka miwili, yuko mgongoni.

Masomoni tulifundishwa yaliyotokea Alhamisi ile ya tarehe 30 Juni 1960, katika Palais de la Nation mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisoma hotuba ya kusifu kazi ya wakoloni. Rais Joseph Kasa-Vubu akajibu kwa upole. Kisha Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye hakuwa kwenye programu, akachukua neno na kueleza mbele ya mfalme mateso ambayo Mweusi aliyapata chini ya Wabelgiji. Papa, ambaye alikuwa mwalimu wa masomo ya msingi, alipenda sana sehemu hiyo. Aliifundisha kila mwaka, na kila mwaka alimaliza kwa maneno yaleyale: « Lumumba hakuomba ruhusa. »

Tulipomuuliza koko yeye alikuwa wapi saa ile, alicheka.

« Nilikuwa ku moto, alijibu. Batu balisema depanda inakuya leo. Sisi banamuke tukaenda ku barabara kuangalia kama kuko kitu kinapita. Hakuna kitu kilipita. Tukarudia kupika. »

Tulipokuwa watoto, tulidhani ni mzaha wa mzee ambaye hakusoma. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipoelewa kwamba koko alikuwa akieleza jambo la kweli. Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, ule uliotoa bunge na serikali ya uhuru, ulikuwa wa wanaume peke yao. Hapa Kivu, wanaume walipiga foleni na wengi wakachagua CEREA, chama cha Anicet Kashamura. Koko hakuandikishwa. Alimtayarishia tate shati, akamtazama akienda. Katika serikali ya Lumumba hakukuwa na waziri mwanamke hata mmoja, ingawa mwanamke kama Andrée Blouin, aliyezunguka vijijini kuwahamasisha wanawake kabla ya uhuru, ndiye aliyekuwa mkuu wa itifaki wa Lumumba.

Mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu, Sophie Kanza, aliteuliwa mwaka wa 1966. Haki ya wanawake kupiga kura iliandikwa katika katiba ya mwezi wa sita 1967. Lakini kwa wakaaji wa Bukavu, mwaka wa 1967 unakumbusha kitu kingine: mwezi wa nane, mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji na kuukalia hadi mwezi wa kumi na moja. Koko alikimbia kwa mguu kuelekea Walungu pamoja na watoto wake. Papa alikuwa na miaka tisa, anakumbuka kwamba alibeba sufuria kichwani. Waliporudi, nyumba haikuwa tena na bati. Kwa hiyo, mwaka uleule koko alipewa haki ya kupiga kura na akapoteza paa. Sidhani kuna mtu aliyemwambia kuhusu ile ya kwanza.

Baadaye alipiga kura chini ya Mobutu, lakini yeye mwenyewe hakuhesabu hizo. Alihesabu kura ya tarehe 30 mwezi wa saba 2006. Alikuwa na miaka karibu 68. Aliamka saa kumi usiku, akavaa kikwembe kipya, na mimi nikamshika mkono hadi kwenye ofisi ya kura. Aliporudi, alikataa kuosha kidole chenye wino kwa siku nyingi. Alikionyesha kwa kila jirani aliyepita.

« Sasa mi njo nimeona ile kitu ilipita ku barabara », aliniambia.

Alikuwa ameingoja kwa miaka 46. Alifariki mwaka wa 2019.

Karatasi ya mama

Hadithi ya mama ni ya karibu zaidi, na ndiyo iliyonifanya nianze kufikiri juu ya jambo hili.

Wasomaji wetu wanajua jinsi walimu wa nchi hii walivyoishi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa, wazazi wa wanafunzi ndio waliochangia « prime » ili masomo yasifungwe. Hali hiyo iliendelea hadi mwezi wa tisa 2019, serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi ni ya bure. Katika miaka hiyo yote papa alikuwa na heshima kubwa mtaani, na mfuko mtupu. Aliyetulisha ni mama. Alianza kwa kuuza sambaza na ndagala kwenye beseni, kisha akapata meza katika soko la Kadutu, akauza vikwembe. Minerval yetu ilitoka kwenye meza hiyo. Koti la kahawia la papa pia lilitoka hapo.

Mwaka wa 2009, mama alitaka kukopa dola 800 ili aongeze bidhaa. Alikuwa mwanachama wa shirika moja la akiba na mikopo, na alikuwa na kitabu chake chenye pesa zake. Aliyempokea dirishani alitazama kitabu, akaona kila kitu ni sawa, kisha akamuuliza: « Mama, na bwana iko wapi? »

Yule mfanyakazi hakuwa na ubaya. Alifuata sheria. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema wazi kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba, kwamba mke anapaswa kumtii mume wake, na kwamba mwanamke aliyeolewa ni lazima apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano yanayomfunga kisheria. Mwanamke ambaye hajaolewa aliweza kutia saini mwenyewe. Mjane pia. Lakini aliyeolewa, hata kama ni yeye anayelisha nyumba, alihitaji karatasi.

Papa aliiandika usiku huo, kwenye meza ileile tunayoimbia wimbo wa taifa. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya sikukuu, tarehe 29 mwezi wa sita. Nilikuwa na miaka 19, nimetoka kupata diploma ya serikali, ninajiandaa kuingia chuo kikuu. Nilisoma karatasi ile juu ya bega lake. Ilikuwa mistari mitatu ya Kifaransa kizuri cha mwalimu: mimi niliyetia saini hapa chini, ninamruhusu bibi yangu kuomba mkopo. Tarehe, saini, basi.

Nilimuuliza mama kama haimuumizi. Alikunja karatasi, akaiweka katika mkoba.

« Ile bik alitumia kuandika, mi njo nilimununulia », alisema, na wote wawili wakacheka. Kesho yake tuliimba « Debout Congolais » kama kawaida. Papa alitukumbusha kwamba Lumumba hakuomba ruhusa.

Sheria hiyo ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Tangu hapo, bwana na bibi wanapaswa kupatana juu ya mikataba inayowafunga, na ruhusa ya mume imeondolewa. Sheria hiyohiyo imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa au kuolewa kwa wote. Zamani msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Haikubadilisha kila kitu: mume amebaki mkuu wa nyumba katika maandishi. Hata katika matendo mambo yanakwenda polepole. Mwaka jana, mama mmoja anayeuza karibu na mama alirudishwa nyumbani na mtu mwingine wa dirishani ambaye bado alitaka « barua ya bwana ».

Wakati ule, nilimtafsiria mama habari hiyo ya sheria mpya jikoni, akimenya vitunguu. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani na kurudi na kopi ya ile karatasi ya 2009. Alitaka kuitia motoni. Papa ndiye aliyemzuia. « Hapana, weka. Watoto wa watoto wetu watakataa kusadiki kama ilikuwako. » Iko hadi leo katika faili ya plastiki, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Mama alizaliwa mwaka wa 1964, katika nchi huru. Alingoja hadi miaka 52 ili aweze kutia saini peke yake.

Neno lililofunga mlango

Ninafika sasa kwenye sehemu yangu, ambayo si rahisi kuiandika.

Mwezi wa nne 2023, nilihama nyumba ya wazazi. Nilikuwa na miaka 33, nina kazi, na ninasaidia kulipia masomo ya mdogo wangu wa mwisho. Nilipata chumba kimoja na jiko dogo katika mtaa wa Ndendere, komine ya Ibanda. Nililipa garanti kwa pesa zangu, nikatia saini mkataba kwa mkono wangu.

Kwa msomaji wa mbali hilo linaweza kuonekana kuwa jambo dogo. Kwa msomaji wa Bukavu, sihitaji kueleza. Kwetu, kijana mwanaume akihama, watu wanasema amekomaa. Msichana anatoka nyumbani kwa baba yake siku mali ya ndoa inapoingia. Akitoka kabla, watu wanauliza ni nani anayemlipia nyumba, ni nani anayeingia usiku, wazazi wake walishindwa wapi. Maneno hayo hayamfuati msichana peke yake. Yanamfuata papa kanisani, yanamfuata mama sokoni.

Papa aliniambia hayo yote kwa utulivu, kama mwalimu. Nilimjibu kwamba sikufanya kosa lolote, kwamba sitaki kungoja mwanaume ili niwe mtu mzima. Akasema ningemwomba kwanza. Hapo nikatoa neno ambalo nimelijutia usiku mwingi.

« Papa, ni weye ulitufundisha Lumumba hakuomba ruhusa. »

Alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda Nyamugo alikuwa « ametoka kidogo ». Nilipopiga simu, alimpa mama. Mwaka wa 2023, tarehe 30 Juni, sikwenda. Nilifanya kazi siku nzima, nikaandika makala juu ya uhuru.

Usiku wa mwezi wa sita 2004

Nilikuwa nimejieleza mambo hivi: papa ni mtu wa zamani, anaogopa maneno ya watu. Wiki tatu zilizopita, mama alikuja kunitembelea chumbani kwangu. Alikaa juu ya kitanda, akatazama mlango, akaniuliza kama ninakumbuka mwezi wa sita wa 2004.

Nani katika Bukavu asiyeukumbuka? Tarehe 2 Juni 2004, wanajeshi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji. Kwa siku kadhaa waliiba, waliua, walibaka wanawake na wasichana. Nilikuwa na miaka 14. Papa alituficha mimi na dada zangu wawili nyuma ya kabati, akaweka chuma nyuma ya mlango. Hayo ninayakumbuka. Ninakumbuka pia kwamba tarehe 30 ya mwezi ule tuliimba wimbo wa taifa kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa, na kwamba papa hakumaliza.

Ambacho sikukijua ni hiki. Usiku mmoja wa siku zile, waliingia kwa jirani. Papa alisikia yote. Alikaa nyuma ya mlango wetu na nyundo mkononi hadi asubuhi, na hakutoka, kwa sababu kama angetoka, sisi tungebaki peke yetu. Hajawahi kuzungumza juu ya usiku huo na mtu yeyote isipokuwa mama. Lakini tangu wakati ule, kila usiku saa nane huamka, hugusa kitasa, hupita mbele ya vyumba na kutuhesabu.

« Miaka yote hii, alisema mama. Mulikuwa mumekuwa bakubwa, bado alikuwa anahesabu. Hata leo anaamuka. Anahesabu, anakosa mumoja. »

Sikuwa na la kumjibu. Nilimpikia chai.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, na sitaki kuyageuza kuwa jibu rahisi. Hofu ya papa ni ya kweli, imetoka kwa kitu cha kweli. Lakini haki yangu ya kukaa kwangu nayo ni ya kweli. Wazazi wengi wa mashariki mwa nchi wanawabana watoto wao, hasa wasichana, kwa sababu nchi ilishindwa kuwalinda. Serikali isipokuwa na mlinzi barabarani, baba anakuwa mlinzi mlangoni. Na mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa anaweza kuwa salama, lakini bado hajawa huru. Vita vyetu havikuchukua madini na maisha ya watu tu. Vimechukua pia ile imani ndogo ambayo mzazi anaihitaji ili amwambie mtoto wake: « Enda, utarudi. »

Meza ya mwaka huu

Mama ndiye aliyeniambia nije tarehe 30. Sijui kama alimwomba papa au la. Nilipofika, papa alikuwa akipiga pasi koti lake. Alisema « Karibu » bila kugeuka.

Baada ya wimbo tulikaa kula: sombe, bugali, nyama ya mbuzi, na Fanta kwa watoto. Papa mdogo, ambaye hapendi sikukuu hiyo, alianza kama kila mwaka.

« Uhuru gani? Juzi Kanyabayonga imeanguka. Batu beko mu mahema, sisi tunaimba! »

Alikuwa na haki ya kuuliza. Siku mbili kabla, tarehe 28, waasi wa M23 walikuwa wameingia Kanyabayonga, katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Mama mdogo wangu, aliyekimbia vita huko Masisi, yuko tangu miezi mingi katika kambi ya wakimbizi karibu na Goma. Tulimpigia simu tukiwa mezani, kila mtu akamsalimia. Mmoja wa watoto alimuuliza kama huko kambini nao wamefanya sikukuu. Alisema jirani yake alikuwa na radio, walisikiliza. Kisha akasema kwamba kwake uhuru ungekuwa kulala ndani ya nyumba yake, avue viatu kabla ya kulala. Tangu afike kambini, analala navyo.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Papa akamjibu mdogo wake polepole. Alisema haimbi kwa sababu mambo yamekamilika. Anaimba kwa sababu kuna watu waliokufa ili tuwe na haki ya kudai, na mtu akisahau kwamba nchi ni yake, atakosa hata pa kulalamikia. Alikumbusha kwamba Lumumba mwenyewe hakuishi hata miezi saba baada ya uhuru: aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na jino lake moja, ndilo lililobaki kwa mwili wake, lilirudi kutoka Ubelgiji mwaka wa 2022 tu. « Jino lilingoja miaka 61, alisema. Na sisi tunaweza kungoja, lakini tusingoje kimya. »

Ili kubadilisha hewa, mdogo wangu alitaja serikali mpya. Tangu tarehe 12 ya mwezi huu, nchi inaongozwa na Waziri Mkuu Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo tangu 1960. Mama alipangusa mikono yake, akauliza kwa uso wa mtu asiyetania:

« Na ule mama, bwana yake alimuandikia karatasi? »

Meza nzima ilicheka. Papa pia alicheka, hadi akatoa miwani. Halafu, akiwa bado anaipangusa, aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie.

« Mulango wako wa kule Ndendere, aliuliza, unafungaka muzuri? »

Nilimwambia unafunga, ila kitasa ni cha zamani.

« Chuma ao kichina? »

« Kichina, papa. »

Alitikisa kichwa, akavaa miwani, akaendelea kula. Hatukuzungumza zaidi. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba, ingawa nilikuwa nimeutayarisha njiani. Sikusikia ruhusa katika maneno yake. Nilisikia mtu ambaye amekubali kwamba kuna mlango mwingine wa kuangalia.

Kabla ya tarehe 1 mwezi wa nane

Katika nchi yetu, mwezi mmoja baada ya sikukuu ya uhuru kunakuja sikukuu ya wazazi, tarehe 1 Agosti. Asubuhi watu wanakwenda makaburini, wanakata majani, wanasafisha misalaba ya wazazi waliokufa. Mchana wanarudi kula pamoja na wazazi walio hai. Ni sikukuu ambayo wageni wengi hawaielewi, lakini sisi tunajua kwa nini asubuhi ni ya wafu na mchana ni wa walio hai. Ajabu ni kwamba ile sheria iliyomfanya mama aombe karatasi ilitiwa saini siku kama hiyo, mwaka wa 1987.

Mwaka huu tumepanga hivi. Asubuhi tutaenda sote kwa koko, na jembe na maji. Nitamweleza, kama watu wanavyowaeleza wafu wao, kwamba kuna mwanamke aliyefika pale Lumumba alipokuwa, na kwamba mjukuu wake ametia saini mkataba wa nyumba bila mtu kumuuliza bwana iko wapi. Sitamwambia kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu mtoto wa dada yake analala na viatu kambini.

Mchana, kwa mara ya kwanza, ni mimi nitakayepika, chumbani kwangu. Hatutaenea wote, wengine watakaa kwenye baraza. Mama amesema ataleta viti. Papa amesema, kupitia kwa mama, kwamba atakuja na bisibisi na kitasa kipya cha chuma, na kwamba nisimlipe fundi.

Nimeuliza bei ya vitasa hivyo sokoni. Vinauzwa na funguo tatu. Mmoja ni wangu, wa pili ni wa akiba. Mama anafikiri wa tatu nimpe papa, ili usiku wa saa nane ajue kwamba anaweza kuja. Mimi bado ninafikiri.